Kabla ya kununua mashine ya mtumba ya kukereza vyuma, ikague hivi

MWEZI Juni, wakati mpunga umejaa kwenye maghala ya Bonde la Kilombero, mashine ya kukoboa ikivunjika shafti hasara yake haihesabiwi kwa siku bali kwa saa. Mteja mwenye magunia 20 hasubiri. Anayapakia kwenye toroli na kwenda kwa jirani, na huenda msimu ujao asirudi tena.

Mjomba wangu, ambaye anamiliki mashine ya kukoboa huko Ifakara, aliyajua hayo vizuri. Kila shafti ilipokatika au bushi ilipokwisha, ilimlazimu kupanda basi hadi Morogoro mjini kuchongesha nyingine, safari iliyomgharimu siku mbili au tatu. Wenzake wenye mashine za kusaga, matrekta na pawatila nao walikuwa katika hali hiyo hiyo.

Ndipo akaamua kuuza ng'ombe wake sita ili anunue mashine ya mtumba ya kukereza vyuma, ile ambayo mafundi wengi huiita lethi, afungue karakana hapo hapo mjini kwao. Akanipigia simu: "Mjomba, wewe umesoma, twende Dar ukanisaidie kupiga hesabu."

Hesabu nilizipiga, lakini mimi ni mchumi wa kilimo, si fundi. Katika yadi moja jijini Dar es Salaam tulionyeshwa mashine iliyopakwa rangi ya kijani, iking'aa kama mpya. Umeme haukuwepo siku hiyo, na muuzaji akatuambia kuna mteja mwingine anayekuja jioni. Mjomba akatoa malipo ya awali ya shilingi milioni moja.

Wiki iliyofuata tulirudi na mzee mmoja, fundi mkerezaji aliyestaafu. Alipitisha ukucha wake juu ya reli za mashine ile, akafungua kifuniko cha gia, akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Rangi haikerezi chuma." Mashine tuliiacha pale pale, na ile milioni moja haijarudi mpaka leo.

Makala haya yanaeleza yale tuliyofundishwa na mzee yule, pamoja na hesabu ambazo mfanyabiashara mdogo anapaswa kuzifanya kabla hajafungua pochi.

Jua kwanza kazi unayoitaka

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuangalia bei kabla ya kuangalia kazi. Kimsingi, ukubwa wa mashine hupimwa kwa vitu viwili: kipenyo cha chuma kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda bila kugusa, na urefu wa chuma kinachoweza kukaa kati ya kichwa cha mbele na kichwa cha nyuma.

Kwa karakana ya vijijini inayohudumia mashine za kusaga, majembe ya trekta na pawatila, mashine yenye kipenyo cha milimita 330 hadi 400 na urefu wa milimita 1,000 inatosha kwa kazi nyingi. Kama utachonga puli kubwa, tafuta ile ambayo kitanda chake kina pengo karibu na kichwa cha mbele, kwani pengo hilo huruhusu kipande kipana zaidi.

Aidha, pima tundu linalopita katikati ya mhimili mkuu unaozunguka. Shafti ndefu hupitishwa humo ili ncha yake tu ndiyo ichongwe. Tundu likiwa milimita 25, shafti ya milimita 40 haitapita, na utakuwa umekosa kazi ambazo wateja wako wanazihitaji kila siku.

Mashine za Kichina husaidia kwa kuwa ukubwa wake umeandikwa kwenye namba ya modeli. Chukua tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa 10. Hivyo C6132 ina kipenyo cha milimita 320, na CA6140 milimita 400. Mashine kongwe za Uingereza kama Colchester na Harrison bado zinasifiwa na mafundi, lakini sifa ya jina haitoshi. Mashine yenye jina kubwa iliyofanyishwa kazi kwa miaka 40 bila oili ni mbovu kuliko isiyo na jina iliyotunzwa.

Umeme wako unaiweza?

Mashine nyingi za ukubwa huu hutumia mota ya umeme wa fezi tatu yenye nguvu ya kati ya kilowati 2 na 7.5. Kabla ya kwenda kununua, hakikisha TANESCO inaweza kukufungia fezi tatu hapo ulipo, na ulizia gharama yake. Kuna watu wamenunua mashine nzuri ikageuka meza ya kuwekea makopo kwa sababu nguzo ya fezi tatu ipo kilomita mbili kutoka kwao.

Soma kibati kilichopo kwenye mota. Kwetu umeme wa fezi tatu ni volti 400 na mzunguko wa hezi 50. Mashine iliyotoka Japani mara nyingi ina mota ya volti 200. Ukiiunganisha moja kwa moja na umeme wetu utaiunguza. Itahitaji transfoma au mota nyingine, na gharama hiyo lazima uitoe kwenye bei.

Vilevile, mota iliyotengenezwa kwa hezi 60, kama zile za Marekani, ikiwekwa kwenye hezi 50 itazunguka polepole kwa takriban asilimia 17. Hilo si janga, ila mwendo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine hautakuwa wa kweli, na volti nazo lazima ziendane na hezi hizo.

Kama una fezi moja tu, kipo kifaa cha kubadili fezi moja kuwa tatu, lakini kwa kawaida hutoa volti 230. Mota iliyoandikwa 230/400 inaweza kuunganishwa nacho. Iliyoandikwa 400/690 haitafaa. Mpeleke fundi umeme asome kibati hicho, msikisie.

Kagua kitanda

Kitanda ndicho uti wa mgongo wa mashine. Juu yake zipo reli ambazo kitoroli kinachobeba kisu hupita. Mota ikiungua utanunua nyingine. Kitanda kikilika, kukirudisha katika hali yake kunahitaji mashine kubwa ya kusaga vyuma na fundi wa kuparua, na gharama yake huweza kuzidi thamani ya mashine.

Ulaji wa kitanda huanzia karibu na kichwa cha mbele, kwa sababu kazi nyingi fupi hufanyiwa hapo. Sehemu ya nyuma huwa haijaguswa sana. Hivyo basi linganisha sehemu hizo mbili.

Futa oili na vumbi, kisha pitisha ukucha kukatisha reli, kutoka sehemu inayopitiwa na kitoroli kwenda sehemu isiyopitiwa. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, reli imelika. Ngazi ndogo inayosikika kwa shida inavumilika. Ngazi inayoonekana kwa macho ni sababu ya kuondoka.

Kipo kipimo kingine kisichohitaji chombo chochote. Sogeza kitoroli karibu na kichwa cha mbele, mwambie fundi akaze vibanio vyake mpaka kisicheze ila kisogee kwa wepesi. Kisha kizungushe kwa mkono kuelekea nyuma. Kitoroli kikianza kuwa kizito na hatimaye kukwama, maana yake ni kwamba mbele pamelika na nyuma bado pana unene wake wa awali.

Tazama pia mashimo na makovu juu ya kitanda. Makovu mengi karibu na kichwa cha mbele yanaonyesha kuwa vyuma vilikuwa vikiangushwa hapo na watu wasiojali. Na kama reli zenyewe zimepakwa rangi, uwe na shaka. Reli hupakwa oili, hazipakwi rangi.

Kichwa cha mbele na beringi zake

Hapa ndipo chuma kinachochongwa hushikwa na kuzungushwa. Beringi zikiwa zimekufa, kisu kitatetemeka na shafti itatoka na mikwaruzo kama mawimbi.

Zima umeme, funga kwenye chaki bomba au chuma chenye urefu wa nusu mita, kisha liinue na kulishusha kwa mkono. Ukisikia linagonga, beringi zimelegea. Fundi mwenye saa ya kupimia ataweka ncha yake juu ya mhimili wenyewe, si juu ya bomba, na kusoma. Ikisogea milimita 0.01 hadi 0.02 ni vizuri. Ikizidi 0.05, ama beringi zinahitaji kukazwa ama zimekwisha, na beringi za mhimili huu ni ghali.

Fungua kifuniko cha giaboksi utazame oili. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Chovya kidole na ukisugue kwenye karatasi nyeupe. Ukiona vipande vinavyong'aa, kuna chuma kinachosagana ndani. Wakati huo huo hesabu meno ya gia kwa macho ukizungusha chaki taratibu kwa mkono. Jino lililovunjika au lililojazwa kwa kuchomelea lisikupite.

Iwashe, na uisikilize

Usinunue mashine ambayo hujaiona ikizunguka kwa umeme. Kama umeme umekatika, rudi kesho. Kama muuzaji anasema mteja mwingine anakuja jioni, mwache aje.

Ijaribu kwenye kila gia, mbele na nyuma, kuanzia mwendo mdogo hadi mkubwa. Sauti ya gia ikivuma kwa mfululizo ni ya kawaida kwa mashine kongwe. Mlio wa "tak, tak, tak" unaojirudia kwa mpangilio ni dalili ya jino bovu. Gia inayoruka yenyewe kutoka mahali pake ni dalili ya kulika.

Iache izunguke kwa mwendo wa kati kwa dakika 30, kisha weka kiganja juu ya kichwa cha mbele. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ukishindwa kuuacha mkono hapo, kuna tatizo la beringi au la oili.

Wakati wa majaribio haya usivae glavu, shati la mikono mirefu iliyolegea, tai wala khanga begani, na hakikisha ufunguo wa chaki umetolewa kabla ya kuwasha. Mashine hii ikimshika mtu haimwachii, na ufunguo uliosahaulika kwenye chaki huruka kama jiwe.

Kipimo cha mwisho ni kuchonga

Nenda na kipande chako cha chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 30. Mwambie fundi akifunge kwenye chaki kikiwa kimetokeza milimita 100 hadi 150, bila kukishika na kichwa cha nyuma, akichonge kwa kisu kikali na kwa kupunguza kidogo tu.

Kisha pimeni kwa maikromita kipenyo cha mwanzo na cha mwisho. Tofauti ya milimita 0.02 au 0.03 ni ya kuridhisha kwa karakana ya kawaida. Ikifika 0.1, bushi utakazochonga zitalegea upande mmoja na kubana upande mwingine.

Hata hivyo, usiikatae mashine kwa kipimo hiki pekee. Mashine iliyowekwa kwenye sakafu isiyosawazishwa hujipinda kidogo na kutoa matokeo kama hayo. Linganisha na ulichokiona kwenye kitanda. Kitanda kikiwa kizima, tatizo laweza kwisha kwa kuisawazisha kwa pimamaji wakati wa kuifunga.

Pima pia mchezo wa mikono ya kusogezea kisu. Zungusha mkono mbele, kisha urudishe, uone unazunguka kiasi gani kabla kisu hakijasogea. Mchezo mdogo ni wa kawaida, na fundi mzuri huushinda kwa kukaribia kipimo kutoka upande mmoja daima. Robo ya mzunguko au zaidi inaonyesha nati ya shaba imelika. Nati hiyo inaweza kuchongwa upya, hivyo itumie kupunguzia bei.

Nyuzi, gia na vifaa vyake

Mkulima akileta bolti iliyokufa nyuzi, utahitaji mashine inayoweza kuchonga nyuzi za milimita na za inchi. Mashine kongwe za Uingereza na Marekani nyingi zina skrubu ndefu ya vipimo vya inchi. Ili zichonge nyuzi za milimita sawasawa, zinahitaji gia yenye meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4 na 25.4 mara 5 ni 127.

Kwa hiyo, kama gia za kubadilisha huwekwa kando, hesabu meno yake, na uulize ya 127 iko wapi. Mashine zenye giaboksi kamili ya kuchagua nyuzi zina kibao kinachoonyesha nyuzi zote. Zijaribu mbili au tatu. Kisha funga ile nati ya vipande viwili inayoishika skrubu ndefu na usukume kitoroli kwa mkono. Kikicheza sana, nyuzi zitatoka zimeharibika.

Mwisho, andika orodha ya vifaa vinavyokuja na mashine: chaki ya taya tatu, chaki ya taya nne, sahani ya kufungia vipande visivyo vya mviringo, nguzo ya kushikilia shafti ndefu, vituo vya kichwa cha nyuma, chaki ya keeni za kutobolea, vishikio vya visu na funguo zake. Mashine isiyo na vifaa hivi huonekana rahisi, lakini ukivinunua kimoja kimoja utashangaa fedha zilikokwenda.

Piga hesabu yote, si ya bei tu

Tuchukue mfano. Tuseme mashine inauzwa shilingi milioni 9. Usafiri na winchi ni 900,000, sakafu ya zege na kuvuta umeme 1,100,000, visu na vyombo vya kupimia milioni 1. Jumla ni shilingi milioni 12, yaani theluthi moja juu ya bei uliyotajiwa.

Tuseme pia kila kazi, ukishatoa chuma, umeme na malipo ya fundi, inakuachia shilingi 8,000. Miezi sita ya mavuno unapata kazi nne kwa siku, na miezi sita mingine kazi mbili, kwa siku 24 za mwezi. Faida ya mwaka ni shilingi 6,912,000, hivyo fedha yako itarudi baada ya takriban miezi 21.

Sasa chukua mashine hiyo hiyo iwe na ubovu uliofichwa unaohitaji milioni 2.5 na kuisimamisha miezi miwili. Fedha yako itarudi baada ya miezi 27. Kama fedha hiyo ni ya mkopo, miezi sita hiyo ya ziada ndiyo itakayokula faida yako, maana marejesho hayasubiri mashine ipone.

Kwa maneno mengine, kumlipa fundi mzoefu nauli, chakula na posho ya siku moja ili akakague mashine ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika mradi huu. Ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, zipo mikoani na zinaweza kukupa ushauri. Vyuo vya VETA hufundisha ukerezaji, na walimu wake wanaijua mashine hii nje ndani.

Malipo na usafirishaji

Usitoe malipo ya awali kabla ya ukaguzi. Mkikubaliana, andikeni mkataba unaotaja modeli, namba ya mashine iliyogongwa kwenye chuma, orodha ya vifaa na hali ya mashine, mbele ya mashahidi. Dai stakabadhi ya EFD, na kama mashine imetoka nje, nakala za nyaraka za forodha.

Kumbuka pia kwamba mashine ya ukubwa wa CA6140 huweza kufikia tani mbili, na uzito wake mwingi uko juu na upande wa kichwa cha mbele. Huanguka kwa urahisi. Sogezeni kitoroli na kichwa cha nyuma kuelekea mwisho wa kitanda ili kusawazisha uzito, tumieni winchi au folklifti, na msifunge mnyororo kwenye skrubu ndefu wala kwenye mikono ya mashine. Ikifika, ipakwe oili kabla ya kuwashwa.

Mjomba alikaa miezi minne zaidi akitafuta. Hatimaye alinunua mashine yenye rangi iliyobanduka na kibao kilichopasuka, lakini reli zake zilikuwa bado zina alama za kuparuliwa kiwandani na gia ya meno 127 ilikuwa ndani ya sanduku. Mzee yule aliichonga shafti ya majaribio mbele yetu, akapima, akaipima tena, kisha akampa mjomba aishike.

Shafti hiyo ndiyo inayozungusha mashine yake ya kukoboa hivi sasa.